Seva ya Kanzidata Ikigoma Siku ya Kwanza: Soma Ujumbe Kabla ya Kufuta

Programu ya kanzidata imesimikwa na imemaliza bila kulalamika. Kwenye seva yenyewe kila kitu kinaonekana sawa. Lakini kompyuta ya karani, iliyo upande wa pili wa chumba hichohicho, inaleta mstari wa Kiingereza wenye namba na kugoma kuingia. Hapo wengi hukimbilia jambo moja: wanaiondoa programu yote na kuisimika upya. Tatizo linarudi lilelile, maana halikuwa kwenye usimikaji. Baya zaidi, aliyeanza na tatizo moja sasa ana mawili, kwa sababu mabaki ya usimikaji wa kwanza yanagombana na wa pili.

Makala haya ni ya yule aliyekabidhiwa kazi hiyo Ringwani au kata nyingine za Serengeti na Tarime: mwalimu wa TEHAMA wa sekondari, mhasibu wa AMCOS au SACCOS, mhudumu wa zahanati ambaye mganga mfawidhi amemwona ndiye anayejua kompyuta. Mtu huyo hana fundi wa jirani. Afisa TEHAMA yuko halmashauri, na ana vituo vingine vinavyomsubiri. Inafaa basi ajue kulitafuta kosa mwenyewe, na likimshinda ajue kulieleza kwa simu hadi mtu wa upande wa pili alione kana kwamba yupo.

Mifano yangu mingi ni ya MySQL na ndugu yake MariaDB, kwa kuwa mifumo mingi ya ofisi ndogo imejengwa juu yake. Hata OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutengenezwa mwaka 2004 na kuanza kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006, unakaa juu ya MySQL. PostgreSQL, inayobeba mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, nitaigusa kwa kifupi, maana mwendo wa kutafuta kosa ni mmoja.

Kompyuta ya karani inapoomba kuingia kwenye kanzidata, inapita kama mgeni anayefika kwenye mji wa watu. Kwanza lazima awepo mtu nyumbani. Pili, lango liwe wazi upande ule aliojia. Tatu, wenyeji wamtambue. Nne, waamue kama anaishia barazani au anaingia ndani. Kila ujumbe wa kosa unatokea kwenye mojawapo ya hatua hizo, na ukishaijua hatua, robo tatu ya kazi imekwisha. Anza kupima kwenye seva yenyewe, kisha toka nje taratibu. Usianzie kwa karani.

Je, huduma ipo hai?

Kwenye Linux andika:

sudo systemctl status mysql

Kwa MariaDB badilisha jina liwe mariadb. Ukiona "active (running)", huduma iko hai. Nenda hatua inayofuata. Ukiona "failed", usiandike tena amri ya kuiwasha huku ukiomba Mungu. Fungua faili la logi. Kwenye Ubuntu liko /var/log/mysql/error.log. Kwenye Windows, MySQL huliweka ndani ya folda ya Data iliyo chini ya C:\ProgramData\MySQL, likiwa na jina la kompyuta na mwisho wa .err. Folda ya ProgramData hufichwa, kwa hiyo iandike mwenyewe kwenye sehemu ya anwani badala ya kuitafuta kwa macho. Soma mistari ya mwisho, hasa yenye neno ERROR, na uanze na ule uliotangulia. Inayoufuata mara nyingi ni matokeo tu ya ule wa kwanza.

Kuna jambo moja hapa linalowapoteza hata mafundi. MySQL kuanzia toleo la 5.7, usipoibadilisha, huandika muda wa logi kwa saa za UTC, na sisi tuko saa 3 mbele. Kama seva ilizima saa 2 na dakika 12 asubuhi, saa ya kompyuta ilisoma 08:12, lakini logi itasema 05:12. Mtu anatafuta tukio la asubuhi, halioni, anasema logi haina kitu. Halafu yule aliyempa taarifa kwa simu alisema "saa mbili", na mwingine akaenda kutafuta 02:00. Ongeza 3 kwenye saa ya logi upate saa ya kompyuta, na mnapoelezana kwa simu tajeni kabisa kama ni asubuhi au usiku.

Kosa linaloonekana sana siku ya kwanza ni poti kushikwa na mwingine. MySQL na MariaDB zote hutaka poti namba 3306. Ukikuta logi inasema "Address already in use" au inauliza kama una seva nyingine kwenye poti 3306, ujue ziko mbili. Mara nyingi mtu aliwahi kuweka XAMPP kwa kujifunza, na XAMPP ina MariaDB ndani yake. Kisha akasimika MySQL kamili. Kompyuta ikiwaka, inayotangulia inashika poti na ya pili inaanguka. Usiziache zote. Chagua moja, nyingine izimwe na izuiwe kujiwasha.

Kwa wanaotumia XAMPP kwa kazi halisi nina onyo, na nalisema kwa uzito. Umeme ukikatika ghafla, XAMPP inaweza kuleta ujumbe "MySQL shutdown unexpectedly". Ukiuliza ovyo, utapewa ushauri wa kufuta faili liitwalo ibdata1, au kufuta folda ya data na kubandika folda ya backup iliyokuja na programu. Huduma itawaka, ni kweli. Lakini ibdata1 ndilo lenye taarifa ambazo injini ya InnoDB inazitegemea kuzisoma jedwali zako, na ile folda ya backup ni ya siku programu ilipotengenezwa, haina hata mwanachama wako mmoja. Utaona majina ya jedwali yapo, ukiyafungua unaambiwa hayapo. Kabla ya kugusa chochote, zima huduma, nakili folda yote ya data kwenye diski nyingine, ndipo uanze kujaribu. Nakala hiyo huchukua dakika chache, nayo huwa tofauti kati ya usumbufu wa mchana mmoja na kupoteza daftari la msimu mzima wa pamba.

Tena, diski iliyojaa huiangusha huduma kimyakimya. Andika df -h uone kama kuna sehemu imefika 100%. Na baada ya umeme kukatika, InnoDB hujitengeneza yenyewe kwa kusoma kumbukumbu zake za mabadiliko. Kwenye kompyuta ya zamani kazi hiyo inaweza kuchukua muda. Iache imalize. Anayezima kompyuta katikati ya kujitengeneza anaizidishia kazi.

Namba iliyo kwenye mabano

Huduma ipo hai, ukiwa kwenye seva unaingia, lakini karani haingii. Ujumbe anaoupata huwa ni wa namba 2003, "Can't connect to MySQL server". Wengi husoma hapo na kuishia hapo. Macho yapeleke mwisho wa mstari, kwenye mabano, kuna namba nyingine ndogo. Hiyo ndiyo yenye habari.

Ikiwa 111 kwenye Linux, au 10061 kwenye Windows, ombi limekataliwa. Kwa kawaida maana yake limefika mpaka kwenye mashine, lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti ile kwa anwani ile. Ikiwa 110, au 10060 kwenye Windows, ombi limesubiri mpaka muda ukaisha bila jibu lolote. Hapo ama fayawoli inalimeza, ama anwani uliyoandika si ya seva. Ikiwa 113, njia ya kuifikia mashine haipo. Angalia waya, wifi, na kama kompyuta zote mbili ziko kwenye ruta moja. Namba hizo zinakupeleka sehemu tofauti kabisa, na mtu anayezisoma hahangaiki kubadilisha nywila ambayo haina kosa.

Tuchukue ya kukataliwa. Kwenye seva andika:

sudo ss -ltn

Tafuta 3306. Ukiona 127.0.0.1:3306, kanzidata inasikiliza maombi yanayotoka ndani ya mashine yenyewe peke yake. Si hitilafu. Kwenye Ubuntu huwekwa hivyo makusudi, ili seva mpya isiwe wazi kwa kila mtu kabla mwenyewe hajaamua. Mipangilio iko kwenye faili /etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf, na kwa MariaDB /etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf, mstari wa bind-address. Badala ya 127.0.0.1 weka anwani ya seva kwenye mtandao wa ndani, kwa mfano 192.168.1.10, kisha washa huduma upya. Wapo wanaoweka 0.0.0.0, yaani sikiliza kila upande. Inafanya kazi, lakini ni kutoa zaidi ya ulichoombwa, hasa kama mashine hiyo pia ina modemu ya intaneti. Usichanganye 3306 na 33060 utakayoiona jirani yake. Hiyo ya pili ni ya njia nyingine ya MySQL, na programu za kawaida haziihitaji.

Fayawoli nayo ifunguliwe kwa kipimo. Kwenye Ubuntu:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 3306 proto tcp

Maana yake kompyuta za mtandao huu wa ndani ndizo zitakazoruhusiwa. Kwenye Windows, tengeneza kanuni ya kuruhusu poti 3306 kwa mtandao ulio wa aina ya Private. Kisha kumbuka hili: ukibadilisha ruta, Windows inaweza kuuona mtandao kuwa mgeni na kuuweka aina ya Public, na kanuni yako haitafanya kazi tena. Ofisi iliyokuwa inafanya kazi Ijumaa inaamka Jumatatu haifanyi, na hakuna aliyegusa seva. Kwenye kompyuta ya karani yenye Windows unaweza kupima bila hata kuwa na programu ya kanzidata. Fungua PowerShell na uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 3306

Mstari wa TcpTestSucceeded ukisema True, njia iko wazi na tatizo liko mbele zaidi. Ukisema False, bado uko langoni.

Huku kwetu, ambako ofisi nyingi zinatumia ruta ndogo yenye laini ya simu, kuna kosa jingine linalojificha. Ruta ndiyo inayogawa anwani kwa kompyuta. Umeme ukikatika na kurudi, inaweza kuigawia seva anwani mpya. Jana ilikuwa 192.168.1.10, leo ni 192.168.1.14. Programu ya karani bado inaita ile ya jana, na inapata 10060. Dawa yake ni kuipa seva anwani isiyobadilika, ama kwenye mipangilio ya seva ama ndani ya ruta kwa kuifunga anwani na kadi ya mtandao ya mashine hiyo. Lifanye siku ya kwanza, kabla ya kusimika kitu kingine chochote.

Kutambuliwa na kuruhusiwa

Ukifika kwenye ujumbe unaoanza na "Access denied" shukuru, maana umeshavuka lango. Huduma ipo, njia ipo, imebaki utambulisho tu.

Namba 1698 humkuta aliyesimika MySQL kwenye Ubuntu na kujaribu kuingia kama root kwa nywila. Hapo root hatambuliwi kwa nywila, hutambuliwa kwa kuwa yeye ndiye root wa mashine. Andika sudo mysql, utaingia. Usihangaike kumpa root nywila ili programu ya ofisi itumie jina lake. Programu ipewe mtumiaji wake.

Namba 1045 ni nywila au jina lisilolingana. Usome mpaka mwisho: "using password: NO" maana yake programu haikutuma nywila kabisa, pengine kwa sababu faili la mipangilio halikusomwa. "using password: YES" maana yake imetuma, haikukubalika. Na namba 1130, "Host is not allowed to connect", maana yake kompyuta hiyo haijatajwa popote kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.

Hapa pana jambo la MySQL linalosumbua wageni wote. Mtumiaji si jina tu. Ni jina pamoja na mahali anapotoka. 'karani'@'localhost' na 'karani'@'192.168.1.%' ni watu wawili tofauti, kila mmoja na nywila yake na haki zake. Ukimtengeneza wa kwanza, utaingia ukiwa kwenye seva na utakataliwa ukiwa kwenye meza ya karani, kwa jina lilelile na nywila ileile. Mtengeneze hivi:

CREATE USER 'karani'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'nywila ndefu';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON amcos.* TO 'karani'@'192.168.1.%';

Amri ni mbili makusudi. Vitabu vya zamani hufundisha kuziunganisha ndani ya GRANT moja, na toleo la 8 halikubali tena. Na tazama kuwa DELETE haimo. Karani wa kuingiza mizani ya wakulima hana sababu ya kuwa na uwezo wa kufuta. Akipata namba 1142 siku akijaribu kufuta, hilo si kosa la kurekebisha.

Kama programu ya zamani inaleta ujumbe unaotaja caching_sha2_password, ujue MySQL 8, iliyotoka mwaka 2018, ilibadilisha namna ya kuhakiki nywila, na programu hiyo bado inajua njia ya zamani. Ushauri wa haraka utakaoupata ni kurudisha njia ya zamani kwenye seva. Hauna maisha marefu: toleo la 8.4 la mwaka 2024 limeizima njia hiyo, na 9.0 la mwaka huohuo limeiondoa kabisa. Pandisha toleo la kiunganishi cha programu badala yake.

Kwa PostgreSQL poti ni 5432. Kwenye Debian na Ubuntu, kama toleo jingine lilikuwepo tayari, la pili huhamia 5433, na unaweza kukaa mchana kutwa ukiweka mambo sawa kwenye toleo ambalo siyo. Ukipata "Peer authentication failed", ni mwenzake wa ile 1698. Ingia kwa sudo -u postgres psql. Ukipata "no pg_hba.conf entry for host", umefika ila anwani yako haimo kwenye faili la pg_hba.conf. Faili hilo husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua, kwa hiyo mstari wako mzuri ulioubandika chini kabisa unaweza usisomwe kamwe. Ukilibadilisha faili hilo, kuisomesha upya mipangilio kunatosha. Lakini ukibadilisha listen_addresses ni lazima uwashe huduma upya.

Kata yenye alama ya juu

Sasa seva inafanya kazi, mnaanza kuingiza majina, na ghafla programu inakwama kwa watu wa kata moja tu. Wanachama wa Natta wanaingia, wa Mugumu wanaingia, wa Ring'wani hawaingii. Sababu ni ile alama ndogo juu ya jina. Kwenye lugha ya SQL, alama hiyo hufungua na kufunga maneno. Andika mwenyewe uone:

SELECT * FROM wanachama WHERE kata = 'Ring'wani';

Kwenye dirisha la mysql hutapata hata ujumbe wa kosa. Utaona '> na kimya, kwa kuwa inasubiri uifunge alama ya mwisho. Andika ' kisha \c kujitoa. Njia sahihi kwa mkono ni kuirudia alama mara mbili: 'Ring''wani'. Rung'abure nayo itakufanyia vivyo hivyo.

Kwenye programu uliyouziwa, jambo hili lina uzito zaidi. Programu inayokwama kwa sababu ya Ring'wani inabandika alichoandika mtu moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Maana yake mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri kwenye kisanduku cha jina na kanzidata ikaitii. Usikubali fundi akuambie "andikeni tu bila alama". Mrudishie atumie vigezo, njia ambayo alichoandika mtu hubaki kuwa maandishi tu. Ni kazi yake, na pengine mkataba wenu unamdai.

Halafu, kwa kuwa wengine huandika Ringwani na wengine Ring'wani, na Word hupenda kugeuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, kata moja hujikuta imekuwa tatu kwenye ripoti. Weka jedwali la kata, karani achague kutoka kwenye orodha, asiandike. Hapohapo weka herufi za utf8mb4 tangu mwanzo, vinginevyo ile alama iliyopinda itakuja kuonekana kama vijiherufi vya ajabu.

Na kama mfumo ulijengwa kwenye Windows ukahamishiwa Linux, ukaambiwa kwa namba 1146 kuwa jedwali halipo wakati unaliona kwa macho, angalia herufi kubwa. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, Wanachama na wanachama ni jedwali mbili.

Umeme na saa

Kuna mfano wa jirani ambao kila mwenye kituo cha kijijini angepaswa kuujua. Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini karibu na Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, kwa kanzidata ya kawaida ya Microsoft Access. Walikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa. Lakini waliokiandaa hawakutegemea programu peke yake, walihakikisha umeme una akiba: UPS pamoja na betri za sola. Ndani ya miezi 6 waliingiza mahudhurio 10,000, na muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. OpenMRS ilizaliwa baadaye kutokana na kazi ya watu hao wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Kwa hiyo fedha ikiwa ya kununua seva kubwa au seva ndogo na UPS, nunua ndogo na UPS. Hata kompyuta mpakato inafaa kwa ofisi ya watu watatu, kwa vile betri yake inaipa muda wa kuzimwa kwa utaratibu. Ila zuia isilale. Wengi wameita fundi kwa seva inayopotea kila saa 7 mchana, kumbe mtu anafunga kifuniko akienda kula.

Saa ya mashine nayo iangaliwe. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, umeme ukikatika hurudi miaka mingi nyuma. Ukijaribu kusasisha programu unaambiwa "Release file is not valid yet", na tovuti zote salama zinakataa. Usilaumu intaneti. Andika date uone mwaka. Hiyo betri ni ya bei ndogo na inabadilishwa kwa mkono. Usipoibadilisha, malipo ya mkulima yatasomeka yamefanyika kabla hajajiunga na chama. Ukishaweka saa sawa, taja eneo: sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam.

Kisichopaswa kufunguliwa

Itafika siku mtu atasema afungue poti kwenye ruta ili ofisi ya Mugumu iione kanzidata moja kwa moja kupitia intaneti. Kataa. Januari 2017, maelfu ya kanzidata za MongoDB duniani zilizoachwa wazi bila nywila zilifutwa na wahalifu, wakaacha ujumbe wa kudai bitcoin. Hawakumlenga mtu, programu zao zilizunguka intaneti yote zikibisha kila poti, na zinabisha mpaka leo. Anayehitaji kuingia kwa mbali apitie VPN au SSH.

Na hili si hiari tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. XAMPP huja ikiwa na root asiye na nywila. Kwa kujifunzia nyumbani inatosha. Kwa majina ya wagonjwa haikubaliki hata kwa wiki moja ya majaribio.

Kabla hujamwita fundi

Siku hiyohiyo seva inapoanza kufanya kazi, chukua nakala ya akiba:

sudo mysqldump --single-transaction --routines amcos > amcos.sql

Kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe inarudi. Hesabu safu za jedwali la wanachama pande zote mbili, zilingane. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu. Na isikae kwenye diski ya seva. Iende kwenye diski ya nje yenye nywila, inayolala chumba kingine.

Chukua daftari, andika humo toleo la kanzidata, anwani ya seva, poti, mahali faili la mipangilio lilipo, mahali logi ilipo, na kila badiliko na tarehe yake. Nywila ziwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti au mganga mfawidhi, zisiandikwe kwenye daftari hilo.

Ukiwa umekwama kweli, usimpigie fundi ukamwambia "seva imegoma". Mtumie picha ya ujumbe wote mpaka mwisho wa mabano, mistari 20 ya mwisho ya logi, matokeo ya ss -ltn, na umwambie ulikuwa kwenye kompyuta gani ulipoupata na nini kilibadilika tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi. Kabla ya kutuma, pitia picha kama kuna nywila au jina la mgonjwa lililoonekana, ulifute.